Jina la Mama Yake

Baba yangu, Munene mwenye bucha pale Siakago, hakuwahi kunipiga. Hata siku moja. Mimi ni Igoki, nimepewa jina la mama yake, na kwetu Mbeere mwanamume hamwinulii mkono mtoto mwenye jina la mama yake. Aliniita mama. Kipande cha kwanza cha nyama kilikuwa changu kabla ya mtu yeyote mezani. Nikavimba kichwa, niseme ukweli.

Basi mwaka wa tisini na sita Peninah wa saluni akatangaza mashindano ya warembo wadogo, wasichana wa miaka sita hadi kumi, katika ukumbi wa soko. Mama akashikwa na wazimu wa mashindano hayo. Nilikuwa na miaka tisa, na niliona haya hata kusoma mbele ya darasa. Nikamkimbilia Baba kwenye bucha.

"Sitaki kupanda jukwaani, Baba."

Akafuta kisu kwenye aproni. "Nani atakulazimisha, mama? Mimi nipo."

Nipo! Neno hilo nililala nalo wiki nzima.

Jumamosi Mama alininyima uji ili zipu ya gauni ifunge. Peninah akaninyoosha nywele kwa chanuo cha moto, akaniunguza sikio, kisha akanikemea nisilie, ati nitaharibu wanja. Viatu vyake vya visigino akavijaza magazeti, akanivika. Nilikuwa namsubiri Baba aje anitoe. Nilimwambia hata Peninah mwenyewe, kwa kiburi, "Ngoja Baba afike, utaona!" Akacheka tu.

Kumbe!

Nilipopanda, tumbo lilikuwa linanguruma na sikio linawaka moto. Watu walijaa hadi madirishani. Nikamwona Baba amekaa mbele kabisa, amevaa koti lake la kanisani. Moyo ukatulia, jamani. Nikasimama katikati ya jukwaa, nikaita, "Baba, nimekataa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba akasimama. Nikamnyooshea mikono anichukue.

"Usiniaibishe, mama," akasema, huku akionyesha watu meno yote. "Geuka wakuone."

Nikamtazama Mama, aliyekuwa kando ya ngazi. Nikadhani labda Baba hajanielewa.

"Kwani ulidhani nani alikuandikisha kama si yeye?" Mama akaninong'oneza kwa hasira. "Geuka!"

Nikageuka. Wanaume wa nyuma wakapiga mluzi, na baba yangu akapiga makofi pamoja nao. Afadhali angenipiga. Naapa, afadhali angenichapa kwa mshipi mbele ya soko zima. Uchungu wa mshipi huisha.

Nikawa namba mbili, nikapewa thamosi ya chai yenye maua mekundu. Nyumbani Baba aliiweka katikati ya meza kila mtu aione, akakata nyama, akanichagulia kipande cha kwanza kama kawaida.

"Njoo ule, mama."

Njaa ilikuwa inaniua, lakini sikusogea. "Usiniite hivyo," nikamwambia. "Mama yako usingempandisha pale."

Mama akaruka kutoka kitini. Nikajua leo ndiyo leo, nikafumba macho kungoja kofi. Halikuja. Baba alikaa na kile kipande mkononi mpaka mafuta yakaganda, halafu akakirudisha kwenye sahani pamoja na vingine.

Kesho yake asubuhi aliniamsha niende kanisani. Akaniita Igoki. Na hadi leo huniita hivyo.