Nani Alikifunga Kiwanda cha Chupa

Dwight Kessinger aliutaka ujaji kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtaka mkewe, na mkewe alipoligundua hilo akafungasha vitu vyake na kuhamia kwa dada yake Ohio. Dwight hakumfuata. Siku hiyo alikuwa na kesi.

Mji wa Lanning, Indiana, humlisha wakili lakini haumshibishi. Dwight alizeekea humo akihangaika na talaka, wosia, majirani wanaogombania uzio, na vijana waliokamatwa wakiendesha gari huku wamelewa. Kila asubuhi alipanda ngazi za mahakama na kusimama mbele ya Jaji Amstutz, mtu aliyesinzia wakati wa ushahidi na kuamka wakati wa hukumu. Maskini aliyekosa dhamana kwa Amstutz alikaa ndani mpaka kibarua chake kikaota nyasi, kisha akaachiwa huru, kwa kuwa hakuwa na kosa, akarudi nyumbani na kukuta mlango umebadilishwa kitasa. Dwight aliona haya mwaka baada ya mwaka. Alijua kabisa jinsi ya kuyazuia yasitokee. Kilichokosekana ni kile kiti tu.

Naye alikuwa Democrat. Hakuwa wa kupiga kelele. Alizaliwa na chama hicho kama alivyozaliwa na pua yake. Baba yake, Orval, alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha chupa, na pale nyumbani kwao mtu aliyevunja mgomo hakutajwa mezani. Dwight aliamini kwamba serikali ipo kwa ajili ya mtu asiye na mtu, na kwamba mfanyakazi aliye peke yake ni wa kuonewa tu. Aliyaamini hayo bila kuwapenda sana walioyaamini pamoja naye. Democrat waliobaki Lanning walikutana nyuma ya maktaba mara moja kwa mwezi, wakala biskuti, wakalaumiana, wakarudi makwao wakijiona mashujaa.

Katika kaunti ile uchaguzi huamuliwa Mei, kwenye mchujo wa Republican, chama chenye watu wengi. Novemba watu huenda kuthibitisha tu. Kwa hiyo Amstutz alipotangaza kwamba anastaafu, Dwight alijua njia ya kwenda kwenye kile kiti ni moja, nayo ilipita kwa Marlys Truax. Huyu alikuwa mwenyekiti wa Republican wa kaunti, na mtu ambaye hakuwahi kupiga kura kwenye mchujo wao hakuweza kugombea bila saini yake. Pia alikuwa mwenye nyumba ya mazishi, na alikuwa amezika nusu ya mji, wa vyama vyote viwili, kwa adabu ile ile.

Alimpokea Dwight kwenye chumba cha majeneza, kwa kuwa ofisini mafundi walikuwa wakipaka rangi.

"Umekuja kuchagua jeneza au kugombea?"

"Kugombea. Jeneza litasubiri."

"Kwa Democrat, hapa Lanning, ni kitu kimoja," Marlys akasema, na wote wawili wakacheka. Kisha mama yule akaacha kucheka. "Nitakutilia saini, Dwight. Hakuna wakili mwingine hapa ninayeweza kumkabidhi watu nikalala usingizi. Lakini usinifanye mtoto. Hii si kubadilisha shati. Watu wangu wanaamini wanachokiamini, na wengine wamekiamini tangu kwa babu zao, kama nyinyi mnavyoamini cha kwenu. Njoo kwenye karamu yetu ya Februari, usimame, utuambie kwa kinywa chako mwenyewe kwa nini umekuja. Na kama huna sababu ya kweli, usije. Sitakuchukia."

Hapo mtu mwenye haya angechukua kofia yake akaondoka. Mama alikuwa amemfungulia mlango wazi wa kutokea, tena kwa upole. Lakini Dwight alikuwa akiwafikiria wale vijana wa dhamana, au alijiambia kwamba anawafikiria wao. Akapiga hesabu yake ya kiwakili: aseme uongo usiku mmoja, apate kusema kweli miaka sita ya ujaji. Akashukuru, akaenda zake kutafuta sababu.

Sababu aliipata kwenye kiwanda cha chupa.

Kiwanda kile kilifungwa Dwight akiwa bado shuleni, muda mfupi baada ya mgomo mkubwa ambao Orval aliuongoza majira yote ya baridi, wanaume wakiota moto kwenye mapipa nje ya lango. Kilipofungwa, nusu ya mji ilisema wagomaji ndio waliokiua. Wengine walimwambia Orval usoni, dukani, mbele ya mwanawe. Yule mzee hakujibu kitu, lakini kwa miaka mingi baadaye alikuwa akiamka usiku na kukaa jikoni gizani. Halafu Dwight akawa wakili, na kesi yake ya kwanza kubwa ikawa ya pensheni za wafanyakazi wale. Akamsimamisha meneja wa zamani kizimbani, akamuuliza maswali mchana kutwa, mpaka meneja akakiri kwa kiapo kwamba wenye kiwanda walikuwa wamekata shauri kuhamia Mexico kabla mgomo haujaanza. Wangegoma wasingegoma, kiwanda kilikuwa kimeshakufa. Jioni ile Dwight alikwenda moja kwa moja nyumbani na kumwambia baba yake: "Baba, si nyinyi." Ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kumpa mtu.

Kwenye karamu ya Februari, watu walipokwisha kula kuku na tambi juu ya viazi vya kuponda, Dwight alisimama. Watu walikuwa baridi. Mwanzoni alijaribu mzaha.

"Baba yangu alinifundisha vitu viwili," akasema. "Kufunga kamba za viatu, na kuwapigia kura Democrat. Kamba zinanisaidia mpaka leo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Dwight alisikia joto likimpanda mwilini, joto ambalo Democrat wa nyuma ya maktaba hawakuwahi kumpa. Basi akaendelea, na maneno yakaja mepesi kuliko alivyotarajia. Akasema alikua akiona wanaume wema, wachapakazi, wakipelekwa kwenye mgomo na watu waliowaambia kwamba tajiri ni adui yao. "Wakagoma mpaka kazi yenyewe ikaondoka," akasema. "Mgomo ndio uliokifunga kile kiwanda. Imenichukua maisha yangu yote kuweza kulitamka hilo, kwa sababu aliyeuongoza ni baba yangu mzazi."

Wakasimama wote na kupiga makofi. Marlys Truax alifuta macho. Maskini mama wa watu alimwamini.

Jumapili iliyofuata Dwight alikwenda kwenye nyumba ya wazee kumwona baba yake. Orval alikuwa na miaka themanini na tisa, miguu imekwisha, akili nzima. Gazeti lilikuwa kwenye mapaja yake.

"Naambiwa umechekesha watu," mzee akasema.

"Yalikuwa maneno ya karamu, Baba."

"Ya viatu hayanisumbui. Nimecheka na mimi." Akainua mguu wake wenye ndara za kitambaa. "Kamba zenyewe siziwezi tena. La kiwanda ndilo nataka kujua. Uliniambia si sisi. Ulikuja na tai yako imepinda, hujala, ukaniambia si sisi. Leo naona unawaambia ni sisi. Sasa lipi ni lipi?"

Dwight akasogeza kiti.

"Subiri, nisikilize kwanza," mzee akasema. "Mtu anaweza kubadilika. Wewe umesoma, umeona mengi ambayo mimi sikuyaona. Ukiniambia umebadilika kwa dhati, nitakupigia kura. Mimi Orval, kwa mkono huu ambao haujawahi kugusa upande ule tangu niwe mtu mzima. Lakini kama unajifanya tu ili upate kiti, sikupigii, na yeyote atakayeniuliza nitamwambia kwa nini. Sikuzaa jaji mwongo."

Naye Orval hakuwahi kujifunza kunong'ona. Neno lolote ambalo angeambiwa lingekuwa mezani wakati wa chakula cha jioni, na kesho yake lingefika kwa Marlys. Dwight alimtazama baba yake, akakifikiria kile kiti alichokitamani, na akaona kwamba hawezi kuvipata vyote viwili. Huo ndio ukweli wake, na aliujua alipokuwa akifungua kinywa.

"Nimebadilika, Baba."

"Na yule meneja?"

"Yule nilimbana. Ilikuwa kazi ya wakili tu. Nilimsokota mchana kutwa mpaka akasema nilichotaka kusikia."

Mzee alijitazama viganja vilivyokuwa na makovu ya vioo.

"Kumbe," akasema mwishowe. Kisha, kwa sauti ya kumwonea mwanawe huruma: "Basi lazima ilikuwa kazi ngumu kunificha miaka yote hii."

Mei Dwight alishinda mchujo bila jasho. Kwa Novemba, Democrat hawakumweka mtu. Walisema hawana haja ya kupoteza nguvu, na kwamba huyu angalau wanamfahamu. Oktoba wanawake wawili, mmoja wa kila chama kama sheria inavyotaka, walipeleka karatasi za kura kwenye nyumba ya wazee. Zamani Orval alikuwa akiweka alama moja juu kabisa, kwenye jina la chama chake, iliyowachagua wagombea wake wote, akairudia kahawa yake ikiwa bado ya moto. Safari hii, wauguzi walisema, kahawa ilipoa. Alitafuta jina la mwanawe kwa kidole, akaweka alama, akaomba asaidiwe kurudi kitandani. Jina la Dwight lilikuwa peke yake pale. Hakukuwa na mtu wa kushindana naye, na kura ile haikuongeza wala kupunguza kitu.

Aliapishwa Januari. Kwa haki ya Mungu, alikuwa jaji mzuri. Wiki ya kwanza aliwaachia vijana wanne waliokuwa ndani kwa kukosa dhamana, na mmoja wao alilia. Jioni ile Dwight aliendesha gari akiimba mpaka nyumba ya wazee. Alimkuta baba yake amevaa koti, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anamngoja.

"Nipeleke kwa Arlene Lasky," mzee akasema.

"Usiku huu? Kuna theluji, Baba."

"Twende tu."

Arlene alikuwa mjane wa Clete Lasky. Clete hakutaka kugoma. Orval alikwenda mlangoni kwake mara mbili, mara tatu, akamsemesha mpaka akatoka. Kiwanda kilipofungwa Clete alianza kunywa, akanywa mpaka akafa, na kuacha watoto wadogo. Watu walijua, na hawakulisema mbele ya Orval.

Arlene aliwafungulia akiwa na taulo la vyombo begani. Alipoona ni nani, akafurahi, akataka kuwakaribisha keki. Orval alikataa. Alivua kofia, akampa Dwight amshikie.

"Arlene, nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Clete alikuwa na haki, mimi ndiye nilikosea. Nilimtoa humu ndani kwa mdomo wangu. Tulikifunga kiwanda kwa mikono yetu, na mimi ndiye nilikuwa mbele. Nimeishi miaka mingi nikijidanganya. Sikutaka nife bila kukwambia."

Arlene alimtazama kama mtu asiyemwelewa.

"Nani kakwambia upuuzi huo, Orval? Mimi nilikuwepo mahakamani. Nilikaa safu ya mbele, nimempakata mtoto. Yule meneja alisema mwenyewe, bila kulazimishwa. Alisema tena akilia. Nilirudi hapa nikalipeleka kaburini kwa Clete lile neno, nikamwambia, unaona, si Orval, wala si wewe." Akamgeukia Dwight. "Si wewe ndiye uliyemuuliza? Hebu mwambie baba yako. Dwight, mwambie!"

Theluji ilikuwa ikiingia mlangoni. Dwight alikuwa ameshika kofia ya baba yake kwa mikono miwili. Alimfikiria Marlys, akawafikiria wale vijana wanne, akaifikiria ile miaka sita, na alipomaliza kufikiria alikuwa bado hajasema kitu.

"Usimsumbue, Arlene," mzee akasema. Akanyoosha mkono kuitaka kofia yake. "Yeye ni jaji sasa. Anajua."