Jina la Mahamudu Mnarani

Fauzia ndiye aliyepeleka jina la baba yake kwa kamati ya mnara wa mashujaa. Hakumwambia mama yake, kwa kuwa alijua angekataa.

Baba huyo, Mahamudu, alichukuliwa pamoja na wanamgambo wenzake wa kijiji cha Malolo kwenda Vita vya Kagera, Fauzia akiwa bado tumboni. Hakurudi. Mkewe, Bi Mwanawetu, hakukaa eda wala hakuruhusu hitima isomwe. Akiulizwa, alisema mumewe yuko safarini. Hata siku ya ndoa ya Fauzia, shehe alipouliza baba wa binti yuko wapi, mama alijibu kutoka chumbani, "Yuko njiani."

Fauzia alichoka kuwa mtoto wa msafiri. Alitaka baba yake awe amekufa mahali fulani, kama wafu wengine.

Siku ya uzinduzi wa mnara, Bi Mwanawetu alikwenda akijua ni dua tu. Kitambaa kikavutwa, majina yakaanza kusomwa. Liliposomwa la Mahamudu, aliinuka, akachota tope kwenye maua yaliyotoka kumwagiliwa, akalibandika juu ya jina la mumewe. Mgeni rasmi akakishusha kipaza sauti. Mgambo wawili wakamwendea, lakini Harithi, askari mstaafu aliyekwenda vitani na Mahamudu, aliyekuwa amesimama pale na mkuki wa heshima wa kuwekwa mnarani, akawazuia.

"Nani amesema mume wangu amekufa?" Bi Mwanawetu aliuliza.

"Ni mimi, mama," Fauzia akasema.

"Wewe ulimwona?"

Harithi akaulaza mkuki chini.

"Mimi nilimwona, shemeji. Niliporudishwa na jeraha nilikuja kwako kabla ya kufika kwetu. Ulinifukuza kabla sijafungua mdomo."

"Nilikufukuza kwa sababu niliona usoni mwako ulichobeba." Tope lilikuwa likidondoka mikononi mwake. "Nilikuwa na mimba ya huyu, Harithi. Nikasema nijifungue kwanza. Nilipojifungua, nikasema anyonye kwanza. Halafu ikawa siwezi tena kurudi nyuma."

Watu walitazama chini. Fauzia alitaka kumshika mama yake mkono, lakini mama akampita kama hamjui, akaenda nyumbani.

Jioni ile Bi Mwanawetu alijifunga nguo nyeupe akaingia eda. Shehe alikwenda kumweleza kwamba muda wake ulishapita zamani sana. Mama alimshukuru, lakini hakutoka edani. Chakula cha Fauzia hakukigusa. Alikula cha jirani.

Wiki iliyofuata alimwita Harithi. Mzee yule aliketi barazani pamoja na Fauzia, pazia likiwa kati yao na mama.

"Mlimzika na nini?"

"Turubai, shemeji. Sanda hatukuwa nayo."

"Mlimsalia?"

"Tulimsalia. Haraka haraka, lakini tulimsalia."

Harithi akajipangusa uso kwa kofia yake.

"Asubuhi ya siku aliyouawa alikuwa anahesabu miezi kwa vidole. Alisema nadhani mke wangu yu karibu kujifungua."

Nyuma ya pazia mama akaanza kulia, kilio cha sauti, ambacho Fauzia hakuwahi kukisikia maisha yake yote. Binti akainuka kuingia.

"Usije," mama akasema. "Wewe usije kwanza."

Fauzia akarudi kuketi kando ya Harithi. Alikuwa amempata baba aliyekufa, na hakujua lini mama yake angemsamehe kwa hilo.