Hewa Isiyo na Harufu

Esnath alirudi kazini saa nne asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Julai, akamwita mwenzake Danieli mara mbili. Kimya.

Walifanya kazi kwenye nyumba ya kupanga pale Iyunga, Mbeya. Majirani walisema humo zinatengenezwa "sola za plastiki", na hawakukosea. Esnath na Danieli walipaka wino wa kijani juu ya karatasi laini ya nailoni. Wino wenyewe ulikuwa aina ya plastiki inayogeuza mwanga kuwa umeme. Karatasi hiyo unaikunja kama khanga, nyepesi kiasi kwamba hata paa bovu la zahanati ya huko Usangu lingeibeba. Ila wino ule ukikutana na hewa kabla haujafunikwa, umeharibika. Kwa hiyo waliupaka ndani ya sanduku kubwa la kioo lililojazwa naitrojeni, wakiingiza mikono kwenye glavu ndefu za mpira zilizoshikizwa ubavuni mwake. Gesi ilitoka kwenye mtungi uliosimama barazani, ikapita kwenye bomba la mpira hadi kwenye sanduku hilo, chumba cha ndani.

Kupitia kioo cha mlango wa chumba hicho, Esnath aliona miguu ya Danieli. Amelala kifudifudi. Akadhani kaangusha kitu anakitafuta chini ya meza. Akasukuma mlango, akaingia hatua mbili.

"Wee Danieli, una..."

Hakukuwa na harufu, hakukuwa na moshi, lakini kichwa kilizunguka kama mtu aliyeinuka ghafla kitandani. Mpira umechomoka! Gesi imejaa chumba kizima, imeifukuza oksijeni, na madirisha Danieli alikuwa ameyafunga kwa ajili ya baridi. Esnath akajitupa nyuma hadi ukumbini, akahema.

Ukutani kando ya mlango kilining'inia kipima hewa, ambacho kilipaswa kupiga king'ora oksijeni ikipungua. Kilikuwa kimya. Yeye mwenyewe ndiye aliyekitoa betri juzi, kwa sababu kilikuwa kinalia ovyo naye alitaka kumaliza ripoti. Mwili wote ukaingiwa na baridi nyingine, si ile ya Julai.

Alikimbia barazani, akafunga mtungi, akapiga yowe. Kalinga, fundi wa kuchomelea wa nyumba ya pili, akaja mbio. Alipomwona Danieli kupitia mlangoni akataka kuingia. Esnath akamng'ang'ania kiunoni.

"Usiingie! Utakufa na wewe!"

"Sasa tumwache afe? Niachie, dada!"

"Vunja madirisha kwanza! Kwa nje! Halafu lete kamba!"

Vioo vilipasuka kimoja baada ya kingine. Esnath alisimama mlangoni akiitazama miguu ya mwenzake, soksi moja ina tundu kisiginoni, na alichotaka tu ni kukimbia hadi barabara kuu na asirudi tena. Kalinga alirudi na kamba. Akamfungia kiunoni.

"Nikianguka, vuta," Esnath alisema. "Usinifuate."

Akajaza mapafu, akafumba mdomo, akaingia. Akashika vifundo vya miguu, akavuta. Danieli alikuwa mzito kama gunia la viazi. Kifua kikaanza kuwaka, masikio yakavuma, macho yakaingia giza pembeni. Alijua akivuta pumzi moja tu, basi. Akavuta tena na tena, mpaka mgongo wake ukagonga mikono ya Kalinga.

Midomo ya Danieli ilikuwa ya bluu. Esnath akampulizia mdomoni, akapuliza tena, huku analia. Alishapoteza hesabu ya pumzi alizompa pale Danieli alipokohoa.

Hospitali ilimlaza siku nne. Jina lake alilikumbuka siku ya kwanza. Mambo ya asubuhi ile hayakumrudia kabisa. Esnath alimweleza mkuu wao habari ya betri, akasimamishwa kazi. Kisha akapanda basi kwenda Iringa, mtaa wa Kihesa, alikopelekwa Danieli kupumzika.

Mama yake Danieli, Mama Faustina, alikuwa anachambua maharage uani.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu kwa Kihehe. "Wewe ndiye uliyemtoa. Mungu akubariki."

"Mama, usinibariki bado. Kulikuwa na king'ora cha kutuonya. Mimi ndiye niliyekizima."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. Ndani ya nyumba Danieli alisikika akikohoa, na wote wawili wakageuza shingo hadi akatulia.

"Na angekufa," mama aliuliza taratibu, "ungekuja kuniambia?"

Esnath alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Sijui, mama."

Mama Faustina hakusema amesamehe, wala hakumfukuza. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akarudi kuchambua maharage, na Esnath akaketi kando yake.