Betri Iliyojaa kwa Kufumba na Kufumbua

Mume wangu alikuwa akipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, na mashine hiyo haikuwa na kazi bila umeme. Umeme ulipokatika, tuliiunganisha na betri kuukuu iliyokaa chini ya kitanda, ambayo kila mwezi ilizidi kuchoka. Kuichaji kulihitaji siku nzima, na siku nzima yenye umeme hatukuwa nayo.

Hiyo ndiyo sababu binti yetu, mtaalamu wa fizikia ya kwanta, aliacha utafiti wake wa awali akageukia betri. Alinieleza kwa subira kwamba chembe ndogo mno zikifungamanishwa, hazijai mojamoja kama ndoo kwenye foleni ya bomba. Hujaa zote kwa pamoja, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo zinavyojaa upesi.

"Kumbe zinapendana," nikasema.

"Zinapendana kupita kiasi, Mama."

Baba yake alimwita Profesa tangu akiwa na meno ya utoto. "Profesa, hiyo betri yako itanikuta?"

"Itakukuta, Baba."

"Basi iambie itie bidii. Mwenzio nimeshaanza kupiga miayo."

Siku ya jaribio alitupigia simu kutoka maabara: betri imejaa kwa kufumba na kufumbua, sawasawa na hesabu yake! Mume wangu akaomba aongezewe mto mgongoni. Kisha akaomba anyolewe ndevu.

Jioni binti yetu akaingia na viatu vyake, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mbona uso umekushuka?" baba yake akamuuliza.

"Fundi wa maabara alipotaka kuutoa umeme, hakuukuta. Ulikuwa umevuja kwa upesi uleule ulioingia nao."

"Kwa nini?"

"Joto, Baba. Sisi watu wa nadharia huliondoa kwanza joto kwenye hesabu, ili tuione njia. Nilipoiona njia nilifurahi mno, nikasahau kulirudisha."

"Basi lirudishe."

Akachukua karatasi, akaiweka juu ya goti, akaanza upya. Alipofika katikati umeme ukakatika. Niliihamishia mashine kwenye betri kuukuu, pamoja na balbu ndogo ili apate mwanga. Aliandika, akafuta, akaandika tena, hadi kalamu ikasimama.

"Umepata?"

"Nimepata. Inawezekana, Baba. Lakini..."

"Lakini si leo wala kesho," baba yake akamalizia.

Hakumdanganya. Aliinamisha kichwa tu.

"Na ndevu nimenyoa bure," baba yake akasema, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomkunja mwili mzima. Kilipotulia, akainyooshea balbu kidole.

"Zima taa, Profesa. Tuibakishie mashine."

Akaizima. Tukakaa gizani tukiisikiliza mashine, ambayo mvumo wake ulikuwa umekwisha kuanza kufifia.