Samaki Aliyeitwa Mama Mkwe

Kidole gumba cha Kiwembe kilibonyeza "Ndiyo" kabla macho hayajamaliza kusoma swali. Kikabonyeza tena, maana gemu iliuliza mara ya pili. Ndipo alipomwona samaki mkubwa mweusi akitoka ndani ya tangi la kioo, akijigeuza taratibu kama mtu anayehama nyumba bila kuaga, akatokomea kwenye maji ya kijani. Juu ya mgongo wake jina lilielea kwa muda mfupi, Mama Mkwe, kisha likafutika.

"Mungu wangu!"

Fundi Saa, mzee aliyegawana naye meza, hakuinua kichwa. Alikuwa amebana lenzi kwenye jicho la kulia na kushika kibanio mkononi, akitafuta msumari mdogo kuliko mbegu ya ufuta ndani ya tumbo la saa.

"Umekata waya wa nani leo?"

"Sijakata waya. Nimeachia samaki."

"Samaki gani tena?"

"Wa mteja."

Mzee aliitoa lenzi, akamtazama yule binti, kisha akatazama chini ya meza kana kwamba samaki angekuwa anarukaruka kwenye vigae.

Kidude chenyewe kilikuwa gemu ya mkononi, ukubwa wa kitabu cha kuandikia, na kililetwa saa tatu asubuhi na mtu waliyemwita Dereva. Aliendesha malori miaka ishirini mpaka figo zake zikagoma. Sasa mara tatu kwa wiki alilazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara, mkono mmoja umefungwa mipira na mwingine ukishika gemu. Hitilafu ilikuwa ndogo: kifimbo cha kulia cha kuongozea kilikuwa kinajiendea chenyewe, kila akitaka kwenda mbele mpiga mbizi wake wa kwenye gemu anapinda kando kama mlevi.

"Nakuja kuchukua saa tisa," alisema. "Saa kumi nakuwa kwenye mashine. Fundi, humu ndani kuna samaki mmoja. Kioo kikipasuka nitavumilia, vitufe vikifa nitavumilia. Huyo samaki asiguswe. Nimemtafuta miezi minne."

"Ondoa shaka," Kiwembe alimjibu. Alisema hivyo akiwa tayari ameanza kufungua misumari.

Jina la Kiwembe alipewa na mlinzi wa jengo lenye meza za mafundi kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa na kasi. Alibadilisha kioo cha simu huku wenzake wakitafuta bisibisi. Lakini mguu wake haukutulia hata siku moja. Ulitikisika chini ya meza kutwa nzima, na Fundi Saa alikuwa amezoea kushika vijisahani vyake vya misumari kila binti huyu alipofikiri sana. Kifimbo alikibadilisha kwa dakika ishirini. Ilibaki kukijaribu, na huwezi kujaribu kifimbo bila kucheza. Akazama baharini, akaokota makombe, akaokota chupa ya kale yenye kizibo cha nta, akachota lulu mbili kwenye pango, na kila alichookota kililia kengele ndogo tamu. Akasahau kuwa yuko kazini. Akanasa kisamaki cha rangi ya chungwa, cha kawaida kabisa, cha bure. Gemu ikasema tangi limejaa, ikamwonyesha samaki wa kwanza kwenye orodha: je, amwachie huyu?

Kazi ya simu humpa mtu ugonjwa huu. Siku nzima vioo vinakuuliza maswali: unakubali masharti, unaruhusu hiki, unataka kuendelea? Ukisoma yote utazeeka na simu moja mkononi. Kwa hiyo kidole kinajifunza kusema ndiyo, na kichwa kinaachwa nyuma.

Alizima, akawasha. Haikusaidia. Gemu ilijihifadhi yenyewe kila baada ya hatua, haisubiri idhini ya mtu. Kwenye tangi kulibaki samaki kumi na mmoja wenye majina na kile kisamaki cha rangi ya chungwa kikizungukazunguka kwa furaha ya kipumbavu.

"Mpigie simu umwambie," Fundi Saa alishauri.

"Nimwambie nini? Kwamba samaki wake wa miezi minne nimemtoa kwa dakika moja?"

"Ndiyo."

"Nitamvua tena. Saa hizi ni saa tano na nusu. Samaki ni samaki."

"Haya. Mimi nilidhani wewe ni fundi, kumbe mvuvi."

Ndani ya gemu mlikuwa na kitabu cha samaki, na huko alisoma kila kitu kuhusu adui yake. Anaitwa chewa kivuli. Hutoka kwenye meli iliyozama, maji yanapokuwa meusi tu. Maji ya gemu hiyo huwa meusi kila baada ya dakika arobaini, kwa dakika nane. Chambo chake ni kome weusi watatu, ambao nao hawajipeleki. Ni lazima uwaokote mmoja mmoja chini ya mawe. Na mstari wa mwisho: haji kwa mpiga mbizi anayetikisika.

Kiwembe alipiga hesabu. Nafasi tano, labda.

Kome walikuwa kazi rahisi. Mikono yake ilipenda kuokota. Maji yalipoanza kuwa meusi alikuwa tayari ndani ya meli, amewapanga kome kwenye sakafu, taa amezima. Akasubiri. Sekunde kumi. Kumi na tano. Kidole kikagusa kifimbo kidogo tu, kuhakikisha kama kweli hakijiendei. Mpiga mbizi akayumba. Kivuli kilichokuwa kimeanza kujitokeza nyuma ya usukani kikarudi kilikotoka.

"Amekuja?" aliuliza Fundi Saa.

"Amekuja akaondoka."

"Ameona mguu wako."

Mara ya pili alimwona mpaka jicho, jicho kubwa la njano. Akarusha wavu mapema, akanasa ubao wa meli. Mara ya tatu mwanamke aliyevaa sare ya hoteli akasimama mbele ya meza, simu imefungwa kwenye taulo.

"Fundi, imeanguka kwenye sinki."

"Iache hapo dada."

"Hapo wapi? Inatiririka maji! Hata huniangalii."

"Nakuja dada'ngu, nipe dakika nane."

"Dakika nane itakuwa imekufa! Kweli dunia imeisha, fundi mzima anacheza gemu kazini."

Ikabidi aweke gemu chini, aifungue simu, atoe betri, aipulizie. Alipoinua tena kichwa, maji ya gemu yalikuwa yameshapambazuka, kome wameliwa na kaa. Mgongo wa blauzi yake ulikuwa umelowa jasho. Mguu ulikwenda kama wa fundi cherehani.

Mara ya nne ikampita akiwa bado anatafuta kome wa tatu, kwa sababu sasa hata mikono iliyokuwa na kasi ilianza kukosea. Ilikuwa saa nane na ushei.

Fundi Saa alifunga mfuniko wa saa aliyokuwa akishughulika nayo, akaiweka sikioni, akaridhika. Kisha akageuza kiti.

"Binti, sikiliza. Kitu hicho kiweke mezani."

"Nikikiweka nitarushaje wavu?"

"Kiweke. Mikono ikalie."

"Nini?"

"Ikalie mikono yako. Mimi nitakuangalizia. Jicho langu limezoea kuona vitu vidogo vikitembea polepole."

Akajiona mjinga, lakini alikalia mikono. Maji yakakolea weusi. Gemu ilikuwa imelala mezani katikati ya bisibisi, mpiga mbizi ametulia tuli ndani ya meli, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Kiwembe akasikia saa zote za mzee ukutani, kila moja na mwendo wake. Mwili wote ulimwasha. Alitamani kusimama, kukohoa, kupiga kelele. Dakika moja. Mbili. Kivuli kikatoka nyuma ya usukani, kikazunguka, kikaja, kikainamia kome wa kwanza.

"Bado," alinong'ona mzee.

Kome wa pili.

"Bado, mwanangu."

Wa tatu. "Sasa!"

Mikono ikachomoka, wavu ukaruka, chewa akaingia. Fundi Saa akapiga meza kwa kiganja, misumari yake ikaruka, na wala hakujali. Kiwembe alikiachia kile kisamaki cha rangi ya chungwa, akamweka chewa tangini, akaandika jina herufi kwa herufi: Mama Mkwe. Saa ilikuwa tisa kasoro dakika ishirini.

Moyo ungepaswa kutulia. Haukutulia. Akafungua tena kitabu cha samaki, kwenye picha ambayo gemu ilimpiga yule wa kwanza siku alipovuliwa. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na doa jeupe, kama mtu aliyejifuta uso kwa mkono wenye unga. Huyu wa leo alikuwa mweusi mtupu.

"Nani atatazama doa?" alijisemea. Fundi Saa alimsikia, akarudisha lenzi jichoni.

Dereva alifika saa tisa kamili, na hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa mama mnene anayeelekea uzeeni, miwani kubwa, mkoba umebanwa kwapani.

"Huyu ni mkwe wangu," Dereva alisema, akisogea kando kwa adabu kumpisha mbele. "Mke wangu yuko zamu kiwandani mchana, mama ndiye hunisindikiza na kukaa nami. Fundi, wakati tunaanza tulikuwa tunakaa saa nne nzima hatuna la kusema. Mimi naona haya, yeye anaona haya. Shikamoo, marahaba, basi, tunatazama ukuta. Gemu hii ndiyo imetufungua midomo."

"Mimi sichezi," mama akaeleza. "Mimi natazama. Namwambia kushoto baba, kulia baba. Huyo samaki nimemwona mimi kwanza, yeye alikuwa anaokota chupa zake."

"Ndiyo maana ana jina lake," Dereva alisema, akacheka. "Na kwa kuwa ukimwita haji."

"Na ukinikera naondoka," akajibu mama, naye akacheka.

Kiwembe alimkabidhi. Dereva alijaribu kifimbo, mpiga mbizi akaenda mbele mstari ulionyooka, naye mwenyewe akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua tangi na kuinamisha kioo ili mama aone.

Mama alitazama. Akasogeza miwani. Akatazama tena.

"Huyu si mimi."

"Ni yeye, mama. Jina hilo hapo."

"Jina naliona. Mimi nina doa hapa." Akajigusa chini ya jicho lake mwenyewe. "Huyu hana."

"Labda ni mwanga wa humu ndani, mama. Kule hospitali taa ni kali. Na ile miwani daktari alisema ibadilishwe." Alisema kwa upole sana, kama mtu anavyomvukisha mzee barabara.

Mama alivua miwani. Akaifuta kwa pindo la mtandio, akaivaa, akatazama mara ya tatu. Mabega yake yakashuka kidogo. "Labda," alisema. "Macho nayo yanachoka." Akarudi nyuma hatua moja, akabana mkoba wake, na uso ukamfunga kama wa mtu asiyetaka tena kuulizwa.

Angekaa hivyo leo kwenye kile kiti kando ya mashine, Kiwembe alijua. Asingesema kushoto wala kulia, maana asingeyaamini macho yake.

"Macho ya mama ni mazima," alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi ndiye niliyemwachia samaki wenu. Nilibonyeza ndiyo bila kusoma. Huyu nimemvua mimi, mchana huu, nikampa jina lake ili usijue."

Mishipa ya mkono wa Dereva wenye makovu ya sindano ilitutumka.

"Nilikwambia kioo kipasuke," alisema. "Nilikwambia nini kingine?"

"Ulisema samaki asiguswe."

"Miezi minne, binti! Na ungeniacha niondoke hivyo! Ungeniacha nimwambie mama mkwe wangu kuwa haoni!"

"Ndiyo, kaka. Nilitaka hivyo. Nisamehe."

Dereva alizima gemu, akaitia kwapani, akatoka kwenda mlangoni bila kuaga, akasimama pale ameupa mgongo ukumbi mzima.

Mama mkwe hakumfuata mara moja. Miwani yake ilikuwa imerudi mahali pake, na kidevu kimeinuka.

"Ulimwachia wapi?"

"Karibu na meli iliyozama, mama. Upande wa usukani."

"Samaki wanaoachiwa hufa?"

"Hapana. Kitabu chao kinasema hubaki pale pale. Na doa lake."

"Anakuja kwa chambo gani?"

"Kome weusi watatu. Halafu msiguse kitu chochote. Gemu iwekwe chini, mkae tu. Hapo ndipo nilipokuwa nashindwa."

Mama alitazama mguu wa Kiwembe chini ya meza, uliokuwa ukitikisika hadi sahani za mzee zikawa zinalia. Akacheka kidogo, kwa pua.

"Kukaa!" alisema. "Sisi tunakaa saa nne, mara tatu kwa wiki. Nani atatushinda kukaa?" Akageuka. "Baba! Twende, tutachelewa. Huyo mwingine usimtoe, mpe jina la fundi."

"Jina lake silijui wala sitaki kulijua," ilijibu sauti ya mlangoni.

"Anaitwa Kiwembe," Fundi Saa alidakia, bila kuulizwa.

Walitoka. Kiwembe alivuta ile simu iliyoanguka kwenye sinki, ambayo ilikuwa imekauka na sasa ilikuwa inawaka. Kwenye kioo kulikuwa na swali. Kidole kilikwenda chenyewe, akakidaka kwa mkono wa pili. Akasoma neno la kwanza, la pili, mstari mzima, na mguu chini ya meza ukizidi kutikisika, na Fundi Saa akishika sahani zake.