Moto wa Eufrasia

Eufrasia alikuwa akimenya viazi mekoni mwanawe Leandro alipoingia na sanduku tupu. Wafu watatu wakasogeza miguu ili apite.

Kila majira ya baridi walikuja kuota moto. Mkubwa wao, Fusca, alikuwa Mrumi. Meko aliyaita focus, kwa Kilatini, na Eufrasia alimwelewa kama mtu anavyomwelewa bibi asiye na meno. Eufrasia mwenyewe, kwa Kihispania, alisema hogar. Neno hilo lilizaliwa na lile la Fusca, likakulia pale kijijini mpaka likawa na maana ya nyumbani. Wawili wengine walikuwa wajukuu wa Fusca waliopitia Ufaransa wakafia Uingereza. Mmoja alileta kuni. Kwao aliitwa Fuel. Mwenzake, Curfew, jina lililotokana na “funika moto” la Kifaransa, alifukia makaa kwa majivu kila jioni ili asubuhi yakutwe hai.

"Kule makao ya wazee utahudumiwa, mama," Leandro alisema. "Hakuna moshi wala kuni."

"Na moto?"

"Kuna mabomba ya joto ukutani."

"Tukae tunatazamana na bomba?" Fusca akadakia. "Huyu mtoto nani kamroga?"

Leandro alilelewa asibishane na wafu.

"Mwanangu, makaa haya nilipewa na mama mkwe siku ya harusi. Hayajawahi kuzimika."

"Ndiyo maana siwezi kuyaacha, mama. Nyumba itaungua."

Akamwaga ndoo ya maji, taratibu, asije akamrushia mama yake majivu. Wafu wakalowa mpaka kiunoni. Walipanda gari pamoja nao, wakakaa kiti cha nyuma, wakitetemeka njia nzima.

Juu ya mlango wa makao paliandikwa Hogar. Nesi aliwapa wafu taulo, akawaomba wasizibe runinga. Fusca alipita chumba kwa chumba akitafuta moto. Kila mzee alikuwa na wafu wake, wamejipanga ukutani na makoti yao, wakipuliza viganja.

"Hamna," alirudi akasema.

Leandro alikwisha kuondoka. Eufrasia alimshika nesi mkono.

"Binti, nirudishe nyumbani."

"Si uko nyumbani, bibi?" Nesi akamfunga kifungo cha juu cha sweta, akaenda kwa mzee wa kitanda cha pili, aliyekuwa akiomba hilohilo.