Maji Yanayorudi Bafuni

Gastón alikuwa ametoka Olavarría kwa ndege na kwa basi mpaka Río Mayo, mbali kusini, kuja kumrudisha mama yake nyumbani, na asubuhi ile maji yalipompa sababu, hakuificha furaha yake. Alisimama kwenye mlango wa kibafu cha gari-nyumba, soksi zimelowa, akiyatazama maji ya kijivu yakipanda polepole kutoka kwenye tundu la sakafu.

"Umeona, mama? Umeona mwenyewe?"

Zulma alikuwa ameona. Alikuwa anaosha dengu kwenye sinki, na kila alipofungua bomba, kule bafuni maji yalizidi kupanda. Akafunga bomba, akajifuta mikono.

"Mimi nimeona maji. Wewe umeona nini?"

"Nimeona gari limekwisha. Tumelisema hili mimi na Mariela. Tulikaa, tukazungumza, tukakubaliana."

Neno hilo "tukakubaliana" lilikuwa limemkera Zulma tangu Gastón alipofika juzi. Gari lenyewe lilikuwa basi kuukuu la shule, marehemu mumewe Anselmo aliling'oa viti akalifanya nyumba, na kwa miaka thelathini walilizungusha kwenye maziwa ya karibu karibu. Ushuaia, kule ardhi inakoishia, hawakufika kamwe, kwa kuwa Anselmo alisema giaboksi haitahimili. Alipokwisha kuzikwa na wageni wakatawanyika, Zulma alichukua funguo akashika barabara ya kusini. Ndipo wanawe wawili, Gastón na dada yake Mariela, wakaketi kikao bila yeye. Watu aliowafunga nepi kwa mikono yake wakamjadili kama sofa bovu, liuzwe au liwekwe stoo.

"Tupatane," akamwambia mwanawe. "Naziinjika dengu sasa hivi. Zikiiva sijaujua ugonjwa wa gari hili na kuutibu, funguo ni zako. Utaendesha wewe mpaka Olavarría, nami nitakaa pembeni nimefunga mdomo. Nikiutibu, unapanda basi unarudi kwa mkeo."

"Umefunga mdomo? Wewe?"

"Ujue basi nimeweka dau kubwa."

Wakapeana mikono. Zulma akaweka sufuria motoni na soseji zake na kitunguu, kisha akapiga magoti bafuni. Magoti yalilia, yeye akayanyamazisha.

"Ni pampu," Gastón akasema kwa juu. "Inavuja. Zima pampu."

Zulma akaizima, akangoja. Maji hayakupungua wala kuongezeka. Akachovya kidole, akanusa.

"Nusa."

"Sinusi."

"Yananuka sabuni na kitunguu cha jana. Maji ya pampu ni safi, mwanangu. Haya tumeshayatumia. Hayavuji haya, yanarudi."

Sinki na bafu vyote vilimwaga kwenye tangi moja la maji machafu chini ya gari, na bafu ndilo lililokuwa chini zaidi. Tangi likishiba, hucheulia bafuni. Zulma hakuhitaji kufundishwa hilo, alilala juu ya tangi lile miaka thelathini.

Walipotoka nje, upepo uliukamata mlango ukaubamiza. Gari lilikuwa limeegeshwa juu ya shimo la maji machafu la kambi ya manispaa, kama inavyotakiwa. Zulma akainama, akavuta mpini wa valvu ya tangi. Maji yalipaswa kububujika mpaka kumrukia viatu. Yalitoka matone, yakakatika.

"Valvu imevunjika," Gastón akasema. "Hiyo ni kazi ya fundi, na fundi yuko Comodoro. Tukishafika Comodoro, mama, si ndiyo njia ya nyumbani?"

"Unaharakisha kunizika, wewe."

Jirani yao wa kambi akatokea hapo, maana kambini mtu akiinama chini ya gari tu, majirani huja kama nzi kwenye nyama. Huyu alikuwa mzee wa Uruguay aitwaye Wáshington, mkononi kibuyu cha yerba, chai ya majani inayonywewa kwa mrija, na chupa ya maji moto imebanwa kwapani, kana kwamba alizaliwa nayo.

"Limeganda," akasema Wáshington. "Baridi ya jana."

"Jana nililala bila blanketi," Zulma akamjibu. "Pisha mwanga, jirani."

Akasukuma mpini ndani, akauvuta nje, mara kadhaa. Ulikwenda na kurudi bila kukwama, na bamba la chuma ndani alilisikia likifunguka. Kwa hiyo valvu ni nzima. Akaligonga tangi kwa vifundo vya vidole, kuanzia chini kwenda juu, na kote liliitika kwa sauti nzito ya kitu kilichojaa. Kwa hiyo tangi limejaa, mlango uko wazi, na maji hayataki kutoka.

"Kuna kitu kimekaa mlangoni," akasema.

Wáshington akavuta mrija wake, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Kutoka ndani harufu ya dengu ilianza kuja, na Gastón akatabasamu kidogo. Zulma akaliona tabasamu hilo, likamtia nguvu kuliko chai. Akatandika gunia, akalala chali chini ya gari na waya alioukunjua kutoka kwenye hanga la koti, akaupenyeza kwenye bomba la kutolea.

Waya ukagota kwenye kitu laini. Akasukuma, kikabonyea. Akazungusha, akachokoa, akatukana, akachokoa tena. Kisha donge likachomoka, na tangi zima likamfuata usoni.

Alitoka chini ya gari amelowa kuanzia nywele mpaka sidiria, ananuka jiko la mwezi mzima, na kiganjani ameshika kizibo cha kijani kilichoshikamana kama udongo wa mfinyanzi. Nyuma yake maji yalikuwa yananguruma shimoni. Gastón alichungulia bafuni, akakuta bafu limekauka.

Wáshington ndiye aliyekitambua kile kijani.

"Yerba," akasema. "Nyinyi Waargentina mkipewa bahari mtaiziba kwa majani. Nani amekuwa akimwaga kwenye sinki?"

Gastón hakunywa yerba tangu utoto, alikuwa mtu wa kahawa. Naye ndiye aliyemfungulia mama yake mlango wa kutokea, labda kwa huruma, labda kwa kuwa hakuwahi kuwaza vingine.

"Lazima ni baba," akasema taratibu. "Majani ya siku zake."

Ingekuwa rahisi. Anselmo asingebisha. Zulma alilitazama lile donge, akahisi hasira ikimpanda, si kwa mwanawe tena.

"Usimsingizie maiti. Baba yako alinisimamia kwenye sinki hili kila asubuhi. Zulma, majani nje. Zulma, si humo. Miaka thelathini nilitoka kwenye upepo huu na gauni la kulalia, kwenda kumwaga kiganja cha majani. Asubuhi ya kwanza baada ya kumzika niligonga kibuyu humo sinkini, nikaona raha mpaka nikalia. Nikaendelea kila siku. Ni mimi."

"Basi ndiyo hayo tunayoyasema, mama. Umeliharibu mwenyewe."

"Nimeliharibu mwenyewe, nimelitengeneza mwenyewe. Dengu zako hazijaiva, nenda kazionje. Tulipatana niujue ugonjwa na kuutibu. Hakuna aliyesema ugonjwa usiwe wangu."

"Kwa hiyo baba alikuwa sahihi."

"Kuhusu majani, alikuwa sahihi. Kuhusu giaboksi, tutaona."

Wáshington akacheka mpaka akapaliwa, akamjazia kibuyu akampa. Zulma akanywa hapo hapo, maji machafu yakimchuruzika shingoni, na alipomaliza akaenda kumwaga majani mbali, kwenye vichaka, bila kuambiwa na mtu.

Baada ya kula alimpeleka Gastón kituo cha basi. Gastón alikuwa mwaminifu, hakuomba funguo tena, ila alishuka akabaki ameushika mlango, mkoba begani, na Zulma aliona kwamba macho yake yalikuwa ya mtoto aliyeachwa shuleni siku ya kwanza. Akamhurumia, wala hakuzima injini.

"Mariela atalia," akasema Gastón.

"Mpe leso. Mwambie mama aliziba bomba, akalizibua."

"Na ukikwama huko mbele, mama, peke yako, nani atakukwamua?"

"Yule yule atakayenikwamisha," Zulma akasema, akatia gia.